Jasho la kazi si dawa ya sukari

Kwa desturi ukurasa huu unasema juu ya kasike, vumbi, nyaya za umeme na mashine zinazogeuka. Hizo ni hatari zinazoonekana kwa macho. Leo tuseme juu ya hatari isiyo na sauti: ugonjwa wa sukari, ambao waganga wanauita diabeti. Mtu anaweza kukaa nao miaka mingi bila kusikia maumivu hata kidogo, na huku unakula macho yake, figo zake na miguu yake polepole.

Kuna neno moja ninalolisikia kila mara pale dispanseri. Nikimwambia mfanyakazi mwenye sukari kwamba inampasa kufanya mazoezi ya mwili, ananitazama na kucheka: « Munganga, mimi natokwa jasho masaa 8 kila siku mule katika karieri. Unataka tena nikimbie barabarani kama mtoto wa shule? » Wengine wanaongeza kwamba ugonjwa huu ni wa wakubwa wa ofisi, watu wa vitambi na viti laini, si wa mtu anayevaa boti. Neno hilo ndilo ninalotaka kulijibu leo, kwa maana mimi naona linatuumiza kuliko sukari yenyewe ya dukani.

Tukumbuke kwanza kazi ya babu zetu. Mtu aliyetumika Union Minière katika miaka ya 1920 ao 1930 alishika pauro na sururu, alisukuma vigari vya mawe, alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mposho aliopewa, bunga, maharagi, mafuta, samaki ao nyama, ulikuwa wa mtu wa kazi ile. Mwili wake ulikuwa kama tanuru: makaa yote yaliyotiwa, moto uliyala.

Na sisi leo? Dereva wa kamyo kubwa ya karieri anakaa juu ya kiti tangu mwanzo wa posti hata mwisho. Mikono inashika usukani, mguu unakanyaga breki, basi. Mtu wa pompi anatazama saa za mashine na kugeuza vali mara moja moja. Yule wa chumba cha kontrole anatazama ekrani. Wakati wa kurudi, basi ya kampuni inatuchukua na kutuweka karibu na mlango, na aliyekosa basi anapanda pikipiki. Jasho tunalo, ni kweli, zaidi sana mwezi wa 9 na wa 10 jua linapochoma kabla ya mvua kushuka. Lakini jasho hilo ni la joto. Mwili unatoa maji ili upate kupoa. Misuli haikufanya kitu. Mtu aliyeketi katika kabini yenye moto anaweza kulowesha shati lote, na asitumie sukari kupita yule aliyeketi chini ya mwembe.

Simsemi kila mtu. Wako wenzetu ambao hata leo wanabeba, wanachimba na kupanda ngazi posti nzima. Hao mazoezi wanayo, na shauri lao ni lingine: wanywe maji mengi, na wasifunge tumbo. Ninasema na sisi wengine, tulio wengi zaidi. Babu amekufa, kazi yake imekufa, lakini bukari bwake bungali mezani kwetu, na kipimo ni kile kile.

Tuone jinsi mwili unavyofanya. Chakula cha wanga, yaani bukari, mchele, mkate, viazi na muhogo, kikifika tumboni kinageuka sukari na kuingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo: inaifungulia sukari mlango ipate kuingia katika misuli. Wako watu, mara nyingi watoto na vijana, ambao kongosho lao halitoi insulini tena. Hao ni wa aina ya 1, nao wanaishi kwa sindano. Kabla Frederick Banting na Charles Best hawajapata insulini huko Toronto mwaka 1921, mtoto wa namna hiyo wazazi walimtazama akikonda hata anakufa. Lakini watu wazima wengi wanaokuja kwetu ni wa aina ya 2. Kwao ufunguo upo, ila kufuli imeshika kutu. Kutu hiyo inatoka kwa mafuta ya tumboni na kwa kukaa tu. Umri nao unaongeza, na jamaa pia, kwa maana mwenye baba ao mama wa sukari yuko karibu nayo zaidi kuliko mwingine.

Sasa sikieni jambo la kushangaza. Msuli unaofanya kazi unaweza kuvuta sukari kutoka katika damu hata kama kufuli ile imeshika kutu. Na mtu akisha kupumzika, msuli unaendelea kuvuta kwa masaa mengi. Kwa hiyo kutembea si mchezo wa watu wasio na kazi. Ni dawa. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza habari za watu 3.234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika ugonjwa. Kundi moja waliombwa kutembea dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito, mtu wa kilo 100 afike karibu kilo 93. Kundi lingine walipewa vidonge vya metformini. Kundi la tatu walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miaka karibu 3, walioshika kutembea na kula kwa kiasi, ugonjwa ulipungua kwao 58 kwa 100, kuliko wale wa vidonge vitupu. Kwa wale wa metformini ulipungua 31 kwa 100. Mimi ni mtu wa kugawa vidonge, ndiyo kazi yangu, lakini hesabu hiyo siwezi kuificha.

Dakika 150 kwa juma ni dakika 30 kwa siku 5. Wapi mtu wa posti atazipata? Mwenye posti ya asubuhi ashuke basi vituo viwili kabla ya nyumba yake, amalize njia kwa miguu, kwa mwendo wa mtu anayechelewa, si mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Aweze kusema lakini asiweze kuimba: hicho ndicho kipimo. Mwenye posti ya mchana atembee asubuhi kabla jua halijapanda. Wa posti ya usiku ndiye mwenye taabu zaidi, na si kwa kutembea tu. Kazi ya usiku inageuza mwili: usingizi unakatika, njaa inakuja saa isiyo yake, na imeonekana kwamba wanaofanya kazi ya usiku miaka mingi wanapatwa na sukari zaidi. Huyo alale kwanza, watoto wanyamazishwe, pazia lifungwe. Atembee akisha kuamka, kabla ya kula. Asilazimishe mwili uliochoka anaporudi asubuhi. Ila kama anatumia insulini ao vidonge vya glibenklamidi, huyo atembee akisha kula, si tumbo tupu, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Dakika 10 za kutembea mara baada ya chakula zinafaa sana, kwa sababu ndipo sukari inapopanda. Lakini sisi tukisha kula bukari tunavuta kiti cha nyuma na kulala. Mpira wa wazee wa siku ya Mungu ni mzuri pia, siukatazi. Shida ni hii: dakika 60 za mpira mara moja kwa juma, halafu masaa manne ya chupa kando ya uwanja. Hapo aliyeshinda ni chupa.

Na mama zetu wasifikiri kwamba maneno haya ni ya wanaume. Mama anayelima shamba wakati wa mvua anafanya kazi kubwa. Lakini mama anayekaa kwenye meza yake ya soko tangu asubuhi hata jioni, akinywa sukre na kula mikate ya mafuta, yuko sawasawa na dereva wa kamyo.

Sasa tufike kwenye bukari. Hapa sipatani na wenzangu wengine wa kazi ya uuguzi. Wanamwambia mgonjwa: « Acha bukari. » Mgonjwa anaitika, anakwenda nyumbani, anakula bukari, na mara ya pili harudi kwetu kwa sababu ya haya. Ni shauri lisilo na faida. Mtu wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi hawezi kuacha bukari, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Tena wengine wanaacha bukari na kushika mkate mweupe na mchele, wakidhani wamekimbia. Hawakukimbia popote. Bunga bwa muhogo pia si kimbilio. Gramu 100 za bunga bwa mahindi zina karibu gramu 75 za wanga, na wote utageuka sukari. Mwanamume mwenye sinia lake la peke yake anaweza kumaliza bunga gramu 300 kwa mara moja. Hesabuni wenyewe.

Shauri langu ni kukata nusu. Bukari buwe ukubwa wa ngumi yako iliyofungwa, hata kama macho yanalia majuma mawili ya kwanza. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, matembele, sombe, kabichi. Sehemu inayobaki iwe maharagi, samaki, kuku ao mayai. Ndakala ni chakula kizuri sana, wala si cha maskini kama watu wanavyosema. Anza kula mboga na samaki, bukari bufuate. Utaona tumbo linashiba mapema. Sombe nayo tuipende, lakini isiogelee katika mafuta ya mawese. Na kama kinu kiko karibu, bunga bwenye maganda yake ni bora kuliko bule bweupe kama chokaa, kwa maana maganda yanachelewesha sukari kuingia katika damu.

Juu ya sukre nitasema wazi. Chupa moja ya santilitre 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kama vijiko 7 vya chai. Mtu anakuja dispanseri akiapa kwamba haweki sukari katika chai, na mfukoni ana vifuniko vya chupa mbili za siku ile. Kiu ya karieri inatibiwa na maji. Asali na miwa ni sukari vilevile, hata kama vimetoka porini.

Lakini bukari si mambo ya mtu mmoja. Chungu ni kimoja kwa nyumba yote. Nimeona mabwana wenye nia njema kabisa wanaoshindwa kwa sababu shangazi amekuja kutoka kijijini, anaona bukari kidogo juu ya sahani ya mjukuu wake, na anaanza kuuliza kama bibi wa nyumba hampendi mumewe, ao kama mshahara umekwisha. Na kwetu kitambi ni sifa: mtu akinenepa, watu wanasema kazi imemkubali, akipungua kilo 5, wanamtazama kwa huruma na kusema maneno mabaya nyuma yake. Kwa hiyo mwenye sukari asibebe siri hiyo peke yake. Aje na bibi yake dispanseri. Mimi napenda zaidi kusema na wawili dakika 10 kuliko kusema na bwana peke yake saa nzima. Tena chakula cha mwenye sukari ni kizuri kwa wote wa nyumba. Hakuna haja ya chungu cha pili. Chukueni kamba, mpime kiuno: mwanamume akipita sentimetre 94, mwanamke akipita 80, ni heri wapimwe damu hata kama hawaumwi.

Sasa naja kwa jambo linaloninyima usingizi, nalo ni la usalama wa wote. Wako wanaotumia insulini, na wako wanaomeza glibenklamidi na vidonge vya namna hiyo. Dawa hizo zinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mtu amemeza dawa, hakula vizuri, amepanda kamyo kwa posti ya usiku. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilitre, anaanza kutetemeka, jasho baridi linatoka, moyo unapiga mbio, halafu akili inapotea. Anasema maneno yasiyo na maana kama mlevi. Kamyo anayoongoza inabeba tani nyingi za mawe, na chini ya barabara ya karieri kuna wenzake. Mtu wa namna hiyo akisikia dalili ya kwanza, asimamishe mashine mara moja, avute breki, aite kwa redio, kisha ale vipande 3 vya sukari ao anywe nusu ya chupa ya sukre, na hapo sukre ndiyo dawa. Angoje dakika 15. Kama hajapona, arudie. Asiendeshe tena mpaka amepimwa. Akiwa ameanguka na hajitambui, msimtie kitu kinywani; mlalisheni kwa ubavu na kuita ambulanse.

Kwa nini linaninyima usingizi? Kwa sababu watu wanaficha. Najua mahali ambapo mtu alisema ukweli juu ya sukari yake, na shefu wake akamtania mbele ya ekipi nzima. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyefungua kinywa pale, ingawa najua kwamba wapo. Wanaogopa kushushwa kwenye mashine na kupoteza primu. Woga huo naufahamu, wana watoto wa kulisha. Lakini mashefu wafikiri: mwenye sukari anayejulikana, anayepimwa, anayekula kwa saa yake na mwenye vipande vya sukari mfukoni, anaweza kufanya kazi vizuri miaka mingi. Mwenye sukari anayejificha ndiye hatari. Ukimpa wa kwanza dakika 10 za kula katikati ya posti, na ukimpatia mahali pengine pa kazi mganga anapoomba, wa pili atatoka mafichoni mwenyewe. Ukimcheka, utaongoza karieri bila kujua nani yuko juu ya usukani.

Pombe inaingia hapo hapo. Anayetumia dawa hizo akinywa lutuku bila kula, ini linashindwa kutoa sukari yake ya akiba, na mtu anazimika usiku. Watu wa nyumba wanasema, mwacheni, amelewa. Asubuhi hawamwamshi tena.

Juu ya miguu nitakuwa mfupi lakini shikeni sana. Sukari inaua hisia za mguu. Kijiwe kidogo ndani ya boti kinachimba kidonda posti nzima, na mtu hasikii. Kila jioni osha miguu, kausha kati ya vidole, tazama nyayo kwa kioo ao mwombe mtoto akutazamie. Kila asubuhi tikisa boti na upapase ndani kwa mkono. Usiote moto wa mbabula kwa miguu wakati wa baridi ya mwezi wa 6. Kidonda cha mguu kinaletwa kwetu mapema, hakipelekwi kwa mfumu kutafuta nani amekutegea. Nimeona miguu iliyokatwa ambayo juma la kwanza ingepona kwa dawa na bandeji.

Na vumbi lile tunalolisema kila mara katika ukurasa huu lina urafiki na sukari. Mtu mwenye sukari anapatwa na kifua kikuu mara 2 hadi 3 kuliko mwingine. Na mapafu ya mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi tayari yako wazi kwa ugonjwa huo. Kikohozi cha majuma mawili kwa mwenye sukari, apimwe makohozi bila kungoja.

Mtaniuliza: mtu akitembea na kupunguza bukari, aache dawa? Asiache yeye mwenyewe. Wako wa aina ya 2 ambao wamepungua uzito sana na mganga akawaondolea vidonge, lakini ni mganga aliyeondoa, baada ya kupima. Wa aina ya 1 haachi insulini hata siku moja. Mfumu akimwambia mzazi atupe sindano kwa sababu ya mizizi yake, mtoto huyo anaweza kufa katika siku chache. Na umeme ukikatika, insulini isiachwe juu ya dirisha wala katika kabini. Chukueni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mtie mchanga mliolowesha maji, mfunike kwa kitambaa kibichi, mweke kivulini penye upepo. Pale ndani panabaki baridi.

Mwenye kiu isiyokwisha, anayeamka mara nyingi usiku kukojoa, anayekonda na huku anakula, ao anayeona ukungu machoni, aje apimwe leo, asingoje. Wengine wote waliopita miaka 40 waje mara moja kwa mwaka. Ni tone moja la damu ya kidole. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika miligramu 126 kwa desilitre, tunapima tena siku nyingine ili tuhakikishe. Anayetoka posti ya usiku, kama hamezi dawa ya sukari, asile masaa 8 ya mwisho, anywe maji tu, aje moja kwa moja na boti zake. Tutampima wa kwanza kabla ya wengine, apate kwenda kulala.